Kujenga Sodor nyumbani: yanayosemwa kuhusu reli ya mfano ya Thomas, na ukweli wake

Anayeamua kujenga reli ya mfano kutokana na Thomas, kipindi cha televisheni cha watoto kuhusu vichwa vya treni vyenye nyuso kwenye kisiwa cha kubuni cha Sodor, hupewa ushauri mwingi, na sehemu kubwa ya ushauri huo si sahihi. Wengine humkatisha tamaa kwamba hana nafasi wala pesa. Wengine humtuma dukani akanunue vitu visivyoingiliana. Nayaandika haya kwa sababu napenda kuona watu wakianza kazi hii wakaimaliza.

"Thomas ni katuni ya kompyuta, haiwezi kujengwa."

Kipindi kilianza kuonyeshwa Uingereza Oktoba 1984, na kwa zaidi ya miaka 20 vichwa vya treni ulivyoviona vilikuwa modeli halisi, zikitembea juu ya reli zenye upana wa milimita 45. Nyuso za modeli hizo zilikuwa ngumu: uso wa furaha ulitolewa, ukawekwa wa huzuni, kisha picha zikaendelea. Kilichosogea usoni ni macho tu, yaliyoongozwa kwa rimoti. Kompyuta ilichukua kazi yote mwaka 2009. Kwa hiyo mjenzi anayefuata vipindi vya zamani anafuata kitu ambacho mafundi walikwisha kukijenga kwa mbao, rangi na gundi.

"Lazima ujenge kisiwa kizima."

Hii ndiyo dhana inayoua miradi mingi kuliko zote. Mtu anachukua ramani ya Sodor, anahesabu stesheni, anapima chumba chake, anakata tamaa.

Hata studio haikuwa na kisiwa kizima. Mandhari zilijengwa kipande kipande: stesheni hii, daraja lile, banda la vichwa pale. Zikishapigwa picha zinabomolewa, nyingine inajengwa. Ukubwa wa Sodor ulitokana na kamera, iliyowekwa chini karibu na reli ili Thomas apite kama treni ya kweli. Ukitazama vipindi vya mwanzo bila sauti, utaona jinsi pembe za mandhari zinavyofichwa na mti, ukuta au mdomo wa handaki.

Mchungaji Wilbert Awdry, aliyetunga hadithi zenyewe na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1945, naye alikuwa mjenzi wa reli za mfano. Reli aliyoipeleka kwenye maonyesho ilikuwa ya Ffarquhar, mwisho wa njia ya tawi anayofanyia kazi Thomas. Stesheni moja tu. Kama mwenye kisiwa aliridhika na kijiji kimoja, sisi tuna haraka gani?

Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 inatosha kuanzia. Upana wake ni sentimita 122. Kona ya kawaida ya seti za treni za kampuni ya Bachmann ina nusu kipenyo cha inchi 18, hivyo duara lake linachukua kama sentimita 91, na nafasi inabaki pande zote mbili kwa jukwaa, uzio na vichaka. Stesheni iweke upande wa mbele. Upande wa nyuma ufiche kwa kilima ili treni ipotee kidogo kabla ya kurudi. Huko kupotea ndiko kunakomfanya mtazamaji aamini kwamba imetoka mahali.

"Kilima cha Gordon ni lazima, na hakina shida."

Kila mtu anakitaka kilima kile ambacho Gordon, kichwa kikubwa cha buluu, alikwama akahitaji kusukumwa. Tatizo ni hesabu. Treni ndogo hupanda vizuri mwinuko usiozidi sentimita 3 kwa kila mita. Ili njia moja ipite juu ya nyingine, inahitaji kuinuka karibu sentimita 7, yaani zaidi ya mita 2 za kupanda, na bado hujashuka. Plaiwudi yako yote ina mita 2 na sentimita 44.

Njia nzuri ni kuacha reli ikiwa tambarare na kuishusha ardhi. Kata ubao kando ya njia, tengeneza bonde chini, panda majani na miti midogo kwenye mteremko. Jicho litaona treni iko juu, na mota haitalia.

"Thomas yeyote anakaa kwenye reli yoyote."

Hapana. Thomas wa mbao na yule wa betri wana reli zao. Wa umeme wa kampuni ya Hornby na wa Bachmann wanatembea juu ya reli ya milimita 16.5, hivyo hapo wanaelewana. Lakini angalia ndoano za kuunganishia mabehewa kabla ya kuchanganya, na angalia kipimo cha majengo. Modeli za Kiingereza za kipimo kiitwacho OO ni 1:76, yaani ndogo mara 76 kuliko kitu halisi, na za kipimo cha HO ni 1:87, ingawa reli ni ileile. Mtu wa mita 1.75 anakuwa milimita 23 kwenye OO na milimita 20 kwenye HO. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, mpaka umweke abiria mbele ya mlango wa stesheni. Chagua kipimo kimoja kwa watu na nyumba, ubaki nacho.

"Umeme wa relini ni hatari kwa watoto."

Kwenye reli zenyewe unapita umeme wa volti 12 hivi, wa mkondo mnyoofu. Ukigeuza chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Hatari iko ukutani. Seti nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina transfoma ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Nairobi au Dar es Salaam, yenye volti 240 au 230, itaungua. Soma maandishi yaliyo nyuma ya transfoma kabla ya kitu kingine chochote.

Treni ikianza kusitasita, wengi husema mota imekufa. Mara nyingi ni uchafu. Futa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti kidogo, kisha futa na magurudumu. Msasa usiuguse: unaacha mikwaruzo, na uchafu unashika humo haraka zaidi.

"Bila pesa nyingi, usijaribu."

Vichwa vya treni ni ghali, sikatai. Nunua kimoja kizuri. Vilivyobaki vinajengeka: jukwaa ni kadibodi iliyopakwa rangi ya zege, kokoto za reli ni mchanga uliochekechwa, nyasi ni vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani. Thomas wa kwanza kabisa, ambaye Awdry alimtengenezea mwanawe Christopher, alikuwa wa mbao, na kiwiliwili chake kilikuwa kipande cha mpini wa ufagio.