Bastola ya zawadi: ya barazani na ya kweli

Mpwa wangu alinijia karakanani Langoni na picha saba za bastola kwenye simu. Mimi ni fundi wa makasha na viti vya enzi, silaha sizijui kwa kazi, ila hapa Lamu ukishatajwa kuwa mtu wa vitu vya kale huletewa kila kilicho na kutu. "Mjomba, mzee wangu wa Malindi anataka kunipa hii. Niiweke au niiuze?" Mpwa wangu alimfanyia mzee huyo kazi miaka kumi na minane. Bastola ina leseni kwa jina la mzee na bado imo kwenye sefu yake. Hilo la mwisho ndilo lililonipa pumzi.

Kufika magharibi, baraza zima lilikuwa limeshatoa fatwa. Nimeziandika hapa, maana nyingi nimezisikia pia kwa watu wengine waliorithi au kuahidiwa silaha kuukuu.

"Hii ni ya Wajerumani wa Witu, bei yake haisemeki."

Hadithi hii ndiyo iliyopendwa kuliko zote, na mzee wa Malindi mwenyewe huisimulia hivyo. Wajerumani walikuwapo kweli Witu, usultani mdogo wa bara, karibu na Lamu. Ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt walipata ardhi kwa Sultani Ahmad mwaka 1885, na posta ya Kijerumani ikafunguliwa hapa hapa mjini Lamu mwaka 1888; jengo lake leo ni makumbusho. Mwaka 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu kwa mkataba.

Sasa tazama picha ya tatu. Juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, pamegongwa 1917. Juu ya kile kiungo kinachojikunja kama goti pana herufi DWM zilizosukwa pamoja, alama ya kiwanda cha Berlin. Hii ni Luger, aina ya bastola ya Kijerumani, na Luger haikuingia katika jeshi lolote kabla ya mwaka 1900, ilipochukuliwa na Uswisi. Jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliichukua 1908. Mjerumani wa Witu angeishika vipi kitu kilichoundwa miaka ishirini na saba baada ya bendera yake kushushwa?

Na hata bila ya Witu, umri hauleti bei peke yake. Luger zilitengenezwa kwa mamilioni. Mnunuzi anayejua huangalia kama vipande vilizaliwa pamoja, kwa kuwa kiwandani kila kipande kidogo kiligongwa tarakimu za mwisho za nambari ya bastola. Kwenye ya mzee, vipande vya juu vinasema 47 na bamba la ubavuni linasema 82. Bamba hilo limetoka kwa bastola nyingine. Mpwa wangu alinyamaza kidogo nilipomwonyesha.

Nilimpa faraja moja. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Hadithi ya Witu ingekuwa kweli, ingemwongezea ofisi moja ya kupiga foleni.

"Silaha ya kale haihitaji leseni, nimesoma kwenye intaneti."

Umesoma sheria ya watu wengine. Marekani huitoa bastola kwenye sheria yao kuu ya silaha ikiwa iliundwa mwaka 1898 au kabla. Uingereza nayo ina msamaha kwa mapambo ya kale, lakini hutazama pia risasi inayoingia, na hii inatumia milimita tisa, risasi ile ile wanayobeba polisi wengi duniani leo. Kwa hiyo hata huko isingepita.

Hapa kwetu ni Sura ya 114, yaani Sheria ya Silaha ya Kenya. Inaita silaha chochote chenye mtutu kinachoweza kutoa risasi na kuua, na pia kile kinachoweza kurekebishwa kikafanya hivyo, pamoja na vipande vyake. Kutu si utetezi. Kukosa pini ya kupigia risasi si utetezi. Adhabu yake ni kifungo cha miaka, sio faini ya kuegesha punda vibaya.

"Amempa bure, hakuna mauzo."

Leseni huandikwa mtu. Bastola ikibadilisha mkono, kwa pesa, kwa mapenzi au kwa kifo, leseni ya mzee haiendi nayo. Mpwa wangu angeomba yake kwanza kwa Bodi ya Leseni za Bunduki, achunguzwe, aeleze sababu ya maana ya kuwa na bastola. "Ni kumbukumbu ya mzee" ni sababu ya moyoni. Bodi inaweza kuikataa.

Na wazo lake la kwenda kuichukua Malindi, aitie mkobani, apande basi la Garsen? Abiria wa njia hiyo anajua vizuizi vilivyopo. Afisa akifungua mkoba ule hatauliza habari za mapenzi ya mzee.

"Magazini, kile kisanduku cha risasi, imetolewa; bastola haina kitu."

Kwa hili naomba mtu asicheke. Kutoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kupanda kwenye chemba. Luger ina kijibapa juu ya chemba ambacho risasi ikiwamo huinuka na kuonyesha neno GELADEN, yaani imejazwa. Mafundi wa Berlin walijua watu watasahau. Silaha yoyote kuukuu iache ilipo, na akague anayejua, mtutu ukiwa umeelekea pasipo mtu.

"Ing'arishe kwanza, ndiyo upate bei."

Alikwisha nunua msasa! Alidhani rangi ya manjano kwenye kifyatulio ni kutu. Ile ndiyo rangi ya kiwandani, kama asali iliyokauka; chuma kilipashwa moto kwa kipimo kikaipata. Ukiipitisha msasa umeifuta, na mnunuzi analipia ule uso wa zamani. Hata kasha la mkwaju nililoletewa mwaka jana limepakwa vanishi mpya lilinishinda kurudisha.

Adui wa kweli ni hewa yetu ya chumvi. Mfuko wa ngozi huvuta unyevu na kuula mtutu, kwa hiyo bastola hukaa nje ya mfuko, imepakwa mafuta mepesi ya madini. Ya nazi huchacha.

"Zawadi haiuzwi, utamvunjia mzee heshima."

Hapa baraza lilikaribia kunishinda, kwani nami nimelelewa hivyo. Lakini bado haijawa zawadi. Ni ahadi iliyomo kwenye sefu. Nilimshauri amwambie mzee aiuze yeye mwenyewe, kwa leseni yake, kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa, kisha fedha ampe yeye, mpwa wangu. Aombe pia picha ya mzee na karatasi ya kununulia, kama ipo.

Alimpigia simu pale pale, kwenye spika. Mzee alicheka sana, akasema kilichokuwa kikimsumbua ni ile leseni ya kuhuishwa kila mwaka. Kisha akauliza kama kweli si ya Witu.