Ujira wa Kibarua Katika Sheria ya Kiyahudi

Ninapofundisha maandiko ya Kiyahudi juu ya maskini, naanza na ujira wa kibarua kabla ya sadaka. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaamuru alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi (walimu wa sheria ya Kiyahudi) uliokamilika yapata mwaka 200 baada ya Kristo, iliiwekea amri hiyo muda maalumu: aliyefanya kazi mchana hudai malipo yake usiku kucha, na aliyefanya kazi usiku hudai mchana kutwa.

Ipo kanuni nyingine isiyotajwa sana, nami naiona nzito kuliko hotuba nyingi. Katika kesi za madai, kwa kawaida anayedaiwa ndiye anayekula kiapo ili asilipe. Lakini kibarua aliyeleta dai lake ndani ya muda akisema hajalipwa, na mwajiri akisema amekwisha kumlipa, marabi waliamua kwamba kibarua ndiye aape na achukue chake, kwa sababu mwajiri ana shughuli nyingi na wafanyakazi wake na huenda hakumbuki amemlipa nani.

Katika Talmudi ya Babeli, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, sehemu ya Bava Metzia, wapagazi walivunja pipa la mvinyo la mwanazuoni mmoja, naye akazichukua nguo zao. Wakamshtakia kwa Rav, mwalimu mkubwa wa sheria, aliyemwagiza azirudishe. Mwanazuoni akauliza, “Hiyo ndiyo sheria?” Rav akajibu kuwa ndiyo, akitaja Mithali 2:20 juu ya kwenda katika njia ya watu wema. Nguo ziliporudishwa, wapagazi wakasema kwamba wao ni maskini, wamefanya kazi kutwa, wana njaa na hawana kitu. Rav akaagiza walipwe na ujira wao. Mwanazuoni akauliza tena kama hiyo ndiyo sheria, naye Rav akajibu tena kuwa ndiyo, akimalizia aya ile ile. Wafafanuzi wamebishana kwa karne nyingi kama alitoa hukumu au alimhimiza tu msomi azidishe wema. Mimi niko upande wa wanaoisoma kuwa hukumu, maana aliulizwa mara mbili waziwazi na hakusita.

Kiapo kilisikika tena New York tarehe 22 Novemba 1909, katika ukumbi wa Cooper Union, pale mshonaji Clara Lemlich alipodai kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mgomo utangazwe, na umati ukaapa kwamba atakayeisaliti ahadi hiyo mkono wake na unyauke, kwa maneno yanayoikumbusha Zaburi 137. Baadhi ya wenye viwanda waliogomewa walikuwa Wayahudi pia, kwa hiyo mashtaka yalitoka ndani ya jamii moja yenye maandiko yale yale.

Mwaka 2008, kamati ya sheria ya marabi wa Conservative, mojawapo ya madhehebu ya Kiyahudi, nchini Marekani iliidhinisha waraka wa Rabi Jill Jacobs kuhusu wajibu wa waajiri Wayahudi kwa wafanyakazi wao. Shirika la marabi analoliongoza, T'ruah, limesimama pamoja na wachuma nyanya wa Immokalee, Florida, ambao wanazitaka kampuni zinazonunua nyanya ziongeze senti moja kwa kila ratili, na nyongeza hiyo iingie katika malipo ya wachumaji wenyewe.