Je, Wajua Kwa Nini Mfuko wa Hewa wa Gari Ukizeeka Huweza Kupasuka kwa Nguvu Zaidi Badala ya Kudhoofika?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mfuko wa hewa wa gari, ule ambao wengi wetu tunauita eabegi, ukizeeka hudhoofika tu. Nilidhani kwamba baya kuliko yote linaloweza kuupata ni kutofunguka siku ya ajali, na kwamba gari la mwaka 2004 lenye mfuko uliochoka ni sawa na gari lisilo na mfuko kabisa. Imani hiyo ina mantiki yake, kwa sababu karibu kila kitu kingine garini huzeeka kwa kupungukiwa nguvu: betri hushindwa kuwasha, shokapu hulegea, breki huchelewa kushika. Isitoshe, tangu utotoni tunasikia kwamba baruti iliyoingiwa na unyevu haiwaki. Lakini uchunguzi uliofanywa Marekani na Ujerumani ulionyesha kinyume chake kwa aina moja ya mifuko hiyo iliyoenea sana duniani. Baada ya kukaa miaka mingi kwenye joto na unyevu bila kuguswa na mtu, ilizidi kuwa na nguvu, hadi ikapasua chuma kilichoizunguka na kurusha vipande vyake kwenye uso na shingo ya dereva.

Kosa hilo langu lilitokana na kosa jingine lililotangulia. Nilidhani kwamba ndani ya usukani kuna hewa iliyoshindiliwa kama ya kwenye gurudumu, ikisubiri kufunguliwa, na kwamba hewa hiyo huvuja polepole mwaka hadi mwaka. Ipo mifuko inayotumia gesi iliyoshindiliwa, hasa ile ya pembeni inayoshuka kama pazia kando ya dirisha, kwa hiyo dhana hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Mfuko wa dereva katika magari mengi ya zamani, hata hivyo, hauna hewa yoyote. Una kitambaa kilichokunjwa, na nyuma yake kopo dogo la chuma lenye vidonge vya baruti. Gari linapogonga, kihisio hupima jinsi mwendo ulivyokatika ghafla, kompyuta huamua, kiwashio cha umeme hutoa cheche, vidonge huungua na kuzalisha gesi, na gesi hiyo hutoka kwenye matundu ya kopo na kujaza kitambaa. Kazi yote hiyo huchukua takriban milisekunde 30 tangu cheche itoke, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mara tu baada ya hapo mfuko huanza kupwaya ili kichwa kisigonge kitu kigumu.

Kwa maneno mengine, tunaendesha gari huku tukielekezwa mlipuko mdogo uliopimwa kwa uangalifu. Usalama wetu unategemea kipimo hicho kibaki vilevile miaka yote.

Kampuni ya Takata ya Japani ndiyo iliyopoteza kipimo hicho. Karibu na mwaka 2000 ilianza kutumia nitrati ya amonia kuwa kiini cha baruti yake, kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko viungo vingine na ilipoungua karibu yote iligeuka gesi, bila kuacha masalia mengi. Mkulima wa mahindi anaifahamu kemikali hii, hata kama haijui kwa jina hilo, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye mbolea ya kukuzia ya CAN. Na mkulima huyo anajua jambo ambalo lingewafaa wahandisi kulizingatia mapema: mfuko wa CAN ukiachwa wazi ghalani wakati wa masika, baada ya siku chache punje zake huanza kutoa jasho, kisha hushikana na kuwa mabonge, na mabonge hayo yakikauka hupasuka na kumeguka. Nitrati ya amonia huvuta unyevu kutoka hewani kwa pupa.

Kopo la mfuko wa hewa limefungwa, bila shaka, lakini hakuna kifungio kinachozuia unyevu moja kwa moja kwa miaka 15. Kiasi kidogo hupenya, na sehemu nyingine iliingia tangu kiwandani, kwa kuwa baadhi ya vidonge vilipata unyevu wakati wa kutengenezwa kwenye viwanda vya Moses Lake, Marekani, na Monclova, Meksiko. Makopo mengi ya awali hayakuwekewa dawa ya kunyonya unyevu, kama ile inayokuja kwenye vipakiti vidogo ndani ya boksi la viatu. Halafu huja joto. Nitrati ya amonia hubadili mpangilio wa fuwele zake inapofikia takriban nyuzi 32 za Selsiasi, na badiliko hilo huandamana na kuvimba na kusinyaa. Takata iliichanganya na kemikali nyingine ili kulituliza badiliko hilo, lakini unyevu ukishirikiana na joto la mchana na ubaridi wa usiku uliendelea kukifanya kidonge kivimbe na kulegea. Ni kama ukuta wa udongo unaoloweshwa na kukaushwa mara elfu nyingi: unabaki umesimama, kwa macho hauna tatizo, lakini ndani umejaa nyufa na vitundu.

Nyufa hizo ndizo zinazojibu swali letu, na hapa inafaa kwenda taratibu. Baruti ya aina hii huungua kuanzia juu kuelekea ndani, tabaka baada ya tabaka. Chukua gogo la mkorosho uliweke jikoni: litaungua kwa saa kadhaa, kwa sababu moto unapata sehemu ya nje tu. Lichukue gogo lilelile, lipasuepasue liwe njiti nyembamba, uzitie zote motoni kwa pamoja: kuni ni zilezile, uzito ni uleule, lakini moto utapanda hadi darini na kuisha kwa dakika chache. Kilichobadilika ni ukubwa wa eneo ambalo moto unaligusa kwa wakati mmoja. Kidonge kigumu cha baruti ni gogo. Kidonge kilichojaa nyufa ni rundo la njiti lililovaa umbo la gogo.

Sasa yafikirie matundu ya lile kopo. Wahandisi waliyapima yatoshe kwa gesi inayotoka kwa mwendo wa gogo, jinsi milango ya uwanja wa mpira inavyotosha watazamaji wanaotoka mstari baada ya mstari. Watazamaji haohao wakikimbilia milangoni kwa pamoja, milango haitatosha na msongamano utaanza. Ndani ya kopo jambo huzidi kuwa baya kwa sababu moja ya ziada: kadiri shinikizo linavyopanda, ndivyo baruti inavyoungua kwa kasi zaidi, na kasi hiyo hulipandisha shinikizo tena. Mzunguko huo ukishaanza, kopo lenyewe ndilo linaloshindwa. Chuma hupasuka, na mfuko uliokusudiwa kuupokea uso wa mtu huwa njia ya vipande vya chuma kumfikia.

Kuhusu baruti iliyolowa, hekima ya zamani haikukosea. Ikiwa imelowa chapachapa haiwaki. Unyevu wa kopo hili ni mdogo mno kuzima moto; unatosha tu kuharibu umbo la kidonge kwa muda mrefu.

Historia ya madhara yake inajulikana vyema, kwa hiyo nitaipitia kwa ufupi. Honda ilianza kuyaita magari machache yarejeshwe mwaka 2008. Kufikia mwaka 2016 taasisi tatu za uchunguzi zilizofanya kazi kila moja kwa upande wake, yaani Fraunhofer ya Ujerumani pamoja na Exponent na Orbital ATK za Marekani, zilikuwa zimefikia maelezo yanayolingana: nitrati ya amonia, joto, unyevu na umri. Marekani peke yake iliagiza takriban makopo milioni 67 yabadilishwe, na dunia nzima idadi hiyo ilikaribia milioni 100. Vifo vilivyothibitishwa Marekani vimefikia 28. Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani kwamba ilitenda ulaghai kwa kuwapa watengenezaji wa magari takwimu za majaribio zilizobadilishwa, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na mwezi Juni mwaka huohuo ikafilisika.

Umri wenyewe, basi, hauhesabiwi kwa kilomita. Gari lililotembea kidogo sana, ambalo wauzaji hulisifu kwa sababu hiyo, linaweza kuwa na kopo lililochakaa kuliko la teksi, ikiwa limekaa juani kwa miaka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliyagawa majimbo katika kanda tatu na kukadiria kwamba katika kanda yenye joto na unyevu mwingi zaidi, ambamo Florida na Hawaii zimo, makopo ya magari yaliyo hatarini zaidi yanaweza kufikia hali ya kupasuka baada ya miaka 6 hadi 9. Katika kanda ya kati miaka 10 hadi 15. Na katika kanda ya baridi miaka 15 hadi 20. Makadirio haya yalifanywa kwa hali ya hewa ya Marekani, na kuyahamishia Tanga, Mombasa au Dar es Salaam kunahitaji tahadhari, sembuse Nairobi au Mbeya ambako usiku ni wa baridi. Hata hivyo, kemia haibagui nchi. Huko Ufaransa, sehemu kubwa ya vifo vilivyohusishwa na makopo haya ilitokea katika maeneo yake ya ng'ambo ya kitropiki. Sioni sababu ya kuamini kwamba Pwani yetu ina hewa ya kuyasamehe.

Hapa ndipo taa ya dashibodi inapotudanganya. Niliwahi kumuuliza fundi kuhusu mfuko wa gari langu, naye akanijibu kwa nia njema kabisa: "Bosi, taa imezimika, kila kitu kiko sawa." Taa ile huwaka kwa sekunde chache ufunguo unapowashwa, mfumo ukijipima, kisha huzimika. Lakini kinachopimwa ni umeme: je, waya umekatika, je, kiwashio kina ukinzani unaostahili, je, kompyuta inajibu? Hakuna kihisio kinachotazama ndani ya kopo kuona vidonge vina nyufa au la. Taa inayobaki imewaka ni onyo la kweli, kwa kuwa katika magari mengi maana yake ni kwamba mfuko hautafunguka. Taa iliyozimika inathibitisha njia ya cheche tu. Na kwa kuwa ni umeme tu unaopimwa, wapo wanaoweka kipande kidogo cha ukinzani mahali pa mfuko uliokwisha kufunguka, kompyuta ikaridhika, na mnunuzi akauziwa usukani mtupu wenye kifuniko kizuri. Huo ni udanganyifu wa kuhatarisha maisha, na haufai kuitwa ufundi.

Baada ya kuyajua haya, wengine huamua kuchomoa waya wa mifuko yote. Nadhani wanakosea, isipokuwa pale ambapo gari limo kwenye orodha ya makopo mabovu na kipuri kipya hakijapatikana, ambapo shauri la kampuni iliyolitengeneza ndilo la kufuatwa. NHTSA inakadiria kwamba kati ya mwaka 1987 na 2017 mifuko ya mbele iliokoa maisha ya watu 50,457 nchini Marekani, na kwamba hupunguza vifo vya madereva katika ajali za kugongana kwa mbele kwa takriban asilimia 29. Hata miongoni mwa makopo ya Takata yaliyojaribiwa, mengi mno yalifunguka salama. Hatari ilikuwa kubwa kupindukia katika kundi moja la magari ya Honda na Acura ya mwaka 2001 hadi 2003, ambalo katika majaribio uwezekano wa kupasuka ulifikia asilimia 50. Gari kuukuu linauhitaji mfuko wake kuliko gari jipya, kwa sababu halina breki zinazojiendesha wala mwili uliobuniwa kwa viwango vya leo. Mkanda nao ubaki kifuani, kwa kuwa mfuko ulibuniwa kusaidiana nao na kamwe haushiki nafasi yake.

Kwa wanaoendesha magari yaliyotumika Japani, jambo la kufanya ni kuichukua namba ya chesi na kuitafuta kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyolitengeneza gari. Mtambo wa NHTSA hautasaidia, kwa kuwa unasoma namba za herufi 17, na magari ya soko la ndani la Japani hayana namba za namna hiyo. Miongoni mwa aina zilizoguswa, kwa miaka fulani ya kutengenezwa, zimo Toyota Corolla na Vitz, Nissan X-Trail, Honda Fit na Subaru Impreza, majina yasiyohitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kampala au Arusha. Tangu Mei 2018 Japani ilizuia magari yenye makopo ya hatari zaidi ambayo hayajabadilishwa yasipite kwenye ukaguzi wake wa lazima, lakini yaliyokwisha kupakiwa melini kabla ya hapo yalikuwa nje ya mkono wake. Kanuni ya Kenya ya kutoingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8 huangalia umri siku ya kuingia. Haimfuati mtu aliyelinunua mwaka 2010 na bado analiendesha.

Hata namba ya chesi ina mpaka wake. Mwaka 2017, mjini Las Vegas, kijana mmoja alijeruhiwa vibaya shingoni na mfuko wa Honda Accord ya mwaka 2002 uliopasuka. Kopo lililomjeruhi halikuwa la gari hilo: lilikuwa limetolewa kwenye Accord nyingine iliyopata ajali na kupandikizwa humo wakati gari likitengenezwa upya. Namba ya chesi husimulia historia ya bodi, na usukani ulionunuliwa kwenye duka la vipuri vya mtumba, uwe wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, huja na kopo lenye miaka yake na jua lake lenyewe, ambalo hakuna karatasi ya gari lako iliyoliandika.