Kurudi Kazini Baada ya Ugonjwa wa Moyo: Mweleze Daktari Siku Yako Nzima

"Daktari, kazini narudi lini?" Wagonjwa wengi huuliza hivyo wakiwa bado wodini, na wana haki ya kuuliza. Kodi ya nyumba na ada za watoto hazisubiri mtu apone. Isitoshe, kurudi kazini pale inapowezekana ni sehemu ya matibabu. Mtu anayekaa ndani miezi na miezi akisikiliza mapigo ya moyo wake huingiwa na hofu, na wengine hupata sonona.

Aliyezibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi) bila matatizo mengine, na kazi yake ni ya mezani, mara nyingi hurudi ndani ya wiki chache. Aliyefanyiwa upasuaji wa kufungua kifua husubiri zaidi, kwa sababu mfupa wa katikati ya kifua hukatwa, ukaunganishwa kwa waya, na huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Mwenye moyo uliodhoofika hana tarehe ya jumla. Yeye hupangiwa kwa kuangalia vipimo na anavyohimili shughuli.

Lakini daktari akikuuliza kazi yako, usijibu "karani" ukanyamaza. Karani wa Dar es Salaam aliyepasuliwa kifua, anayetoka Gongo la Mboto kwenda Posta, kazi yake huanzia kituoni, alfajiri. Hugombania mlango wa daladala, kisha husimama njia nzima ameshika bomba la juu. Dereva akifunga breki ghafla, mwili wote huning'inia kwenye mkono, na mkono huvuta kifua ambacho bado hakijaunga. Ofisini kwake hakuna kazi nzito kama hiyo. Mgonjwa wa namna hii tunamwandikia mwajiri barua aruhusiwe kuingia saa nne na kutoka kabla ya msongamano wa jioni, walau kwa wiki za mwanzo. Waajiri wengi hukubali wakielezwa sababu.

Kuna na suala la dawa ya kutoa maji mwilini, ambalo watu huliona aibu kulisema. Kidonge hicho humpeleka mtu chooni mara kwa mara kwa saa kadhaa. Mgonjwa anarudi kliniki miguu imevimba, anahema, na ukimdadisi kwa upole anakiri kwamba siku za kazi hakinywi, maana foleni ya Nyerere Road haina choo. Angesema mapema, tungemhamishia saa ya kukinywa, pengine baada ya kufika kazini. Mwenye moyo dhaifu ajipime uzito kila asubuhi pia. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, mara nyingi hayo ni maji, si kunenepa, na asingoje tarehe ya kliniki.

Kazi za mikono zinahitaji mazungumzo marefu zaidi. Kuli wa Kariakoo anayebeba viroba vya kilo 50 huenda akalazimika kubadili shughuli kabisa, na ni bora aambiwe ukweli mapema familia ijipange. Mama ntilie asogeze jiko la mkaa penye upepo, kwa kuwa moshi wake huipunguzia damu uwezo wa kubeba oksijeni. Mwuza nyama buchani anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ajue kwamba kujikata kidogo tu kunaweza kutoa damu nyingi. Fundi wa kuchomelea mwenye betri ya moyo (kifaa kinachopandikizwa kuongoza mapigo) asishike mashine kabla ya kumuuliza daktari wake.

Aliyeajiriwa ana kinga ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Unatakiwa kuwa na cheti cha daktari, basi usiondoke hospitali bila hicho cheti.

Ukisharudi, mwambie mwenzako mmoja kuhusu hali yako. Kifua kikibana, maumivu yakapanda taya au mkono, jasho jembamba likakutoka, acha kazi, kaa chini, na apatikane mtu wa kukuwahisha hospitali hapo hapo. Usinywe soda ukisema ni gesi, na usiendeshe gari mwenyewe.