Jina la kanga huvunja ulinganifu

Jumamosi nilikuwa kwa shangazi, Ngamiani mjini Tanga, namsaidia kukunja nguo. (Kusaidia ni neno kubwa, nilikuwa nashika pembe tu.) Nikatandaza kanga kitandani, naye akanikaripia: "Mwanangu, husomi? Jina umelipeleka juu!" Nikacheka. Wiki nzima nilikuwa natafuta njia ya kuwaingiza wanafunzi wangu kwenye ulinganifu, kumbe ilikuwa imekunjwa kabatini kwa shangazi.

Darasani tumezoea kusema umbo lina ulinganifu ukilikunja na nusu ikalala sawasawa juu ya nusu. Si uongo, ila ni kipande kidogo cha habari. Mwanahisabati huuliza: nikufanyie nini wewe kitu, na mtu aliyegeukia ukutani asigundue? Shangazi ageuke, mimi niishike kanga, niigeuze, niirudishe palepale. Akitazama tena asijue kama imeguswa, tendo lile ni ulinganifu wa kanga ile.

Chukua kanga isiyo na jina, rangi imepenya pande zote mbili, pindo halina upendeleo, na katikati ya mji, yaani uwanja uliozungukwa na pindo, kuna duara moja tu. Matendo yasiyogundulika ni manne: kuizungusha nusu mzunguko, kuipindua juu iwe chini, kuipindua kushoto kuwe kulia, na kuiacha ilivyo. Hilo la mwisho wanafunzi hulicheka. Kuacha nako ni tendo? Ndiyo, kama sifuri ilivyo namba.

Sasa pindua juu-chini, kisha kushoto-kulia. Kanga imefika palepale ambapo nusu mzunguko ungeifikisha. Unganisha yoyote mawili kati ya manne, hutoki nje ya manne. Kila tendo lina la kulitangua. Hapa kila moja hujitangua lenyewe. Na ukiyapanga matatu mfululizo, si kitu umeanza kuunganisha mawili yapi, mradi mfuatano haukubadilika. Mkusanyiko wa namna hiyo tunauita kundi, na hili la manne limepewa jina la mwanahisabati Mjerumani, Felix Klein.

Weka korosho kwenye pembe nne, zote zimepinda mkia kufuata saa. Ukiipindua kanga, mikia inapinda kinyume cha saa na shangazi anakukamata. Nusu mzunguko bado unapita. Kundi limebaki na matendo mawili. Kisha andika "Mgeni njoo, mwenyeji apone" juu ya pindo la chini: kumebaki kuacha peke yake.

Kitambaa cha meza cha mraba kina manane, na hapo mfuatano unaanza kuuma. Tia alama pembe ya juu kushoto. Zungusha robo kufuata saa, kisha pindua kushoto-kulia: alama imerudi ilikotoka. Anza kupindua, kisha zungusha: iko chini kulia. Matendo ni yaleyale, mwisho mbalimbali.

Aliyeupeleka mchezo huu mbali ni Évariste Galois, Mfaransa aliyekufa mwaka 1832 kwa jeraha la risasi ya pambano la watu wawili, akiwa na miaka 20. Yeye hakugeuza vitambaa. Alibadilisha nafasi za majibu ya mlinganyo bila kuvunja uhusiano uliopo kati yao. Kundi la mabadilishano hayo ndilo linaloamua kama majibu yanaweza kupatikana kwa hesabu nne za kawaida na vipeuo. Kwa milinganyo ya daraja la tano (ile ambayo kipeo kikubwa cha x ni 5), kwa jumla, kundi linakataa.

Ukipita madukani ukaona vitenge vimening'inia, ruwaza zinazojirudia kwa urefu na kwa upana, ujue Mrusi Yevgraf Fedorov alithibitisha mwaka 1891 kwamba aina zake za ulinganifu ni 17 tu. Ukili wa mkeka, ambao ruwaza yake hujirudia kwa urefu peke yake, una aina saba. Shangazi ana ukili wa rangi umeviringishwa nyuma ya mlango. Hadi sasa nimepata tatu.