Wananchi na Hatari za Mijini: Dhana Potofu Kuhusu Ushirikishwaji

Katika mji mmoja, mvua ileile inayomfanya mkazi wa mtaa wa mwinuko afungue mwavuli humfanya mkazi wa bondeni ahamishe watoto usiku wa manane. Moshi, joto kali, maji machafu na magonjwa ya mlipuko navyo havigawanyiki sawasawa. Kwa hiyo swali la nani anasikilizwa pale inapoamuliwa mfereji upite wapi, jalala liwekwe wapi au tahadhari ya ugonjwa itangazwe kwa njia gani, si swali la heshima na adabu tu za utawala, bali ni sehemu ya kuijua hatari yenyewe. Hata hivyo neno “ushirikishwaji” limerudiwa mno katika ripoti na hotuba, hata watu wengi, watawala kwa watawaliwa, wamejijengea picha zisizo sahihi juu yake.

Dhana: “Hatari ni mambo ya wataalamu, mwananchi hana cha kuongeza.”

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na pengine ndiyo sababu haifi. Kiasi cha madini ya risasi kilichomo ndani ya maji hakionekani kwa macho, wala hakuna mkutano wa mtaa unaoweza kupiga kura kuhusu namna bakteria anavyoenea. Lakini kabla ya kupima ni lazima ijulikane pa kupimia, lini na kwa nini, na hapo anayeishi na tatizo huwa ametangulia mbele ya maabara.

Mwezi Aprili 2014 mji wa Flint katika jimbo la Michigan nchini Marekani, wenye wakazi wapatao 100,000, uliacha kununua maji kutoka Detroit na kuanza kutumia maji ya mto wake ili kupunguza gharama. Maji hayo yalikuwa na tabia ya kula mabomba, na kemikali inayozuia hali hiyo haikuongezwa, hivyo madini ya risasi yakaanza kutoka katika mabomba ya zamani na kuingia majumbani. Wakazi walilalamikia rangi, harufu na vipele vya ngozi. Walibeba chupa za maji ya kahawia hadi mikutanoni. Wakajibiwa kwamba maji ni salama. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kiwanda kimoja cha injini kiliyaacha maji hayo kwa sababu yalikuwa yakiharibu vipuri, na bado watu waliendelea kuyatumia majumbani. Ilibidi wakazi wenyewe wakinge mamia ya sampuli kutoka mabombani mwao wakishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, na daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha achambue vipimo vya damu vya watoto, ndipo Oktoba 2015 mji uliporejea kwenye maji ya Detroit.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo husahaulika. Hadi Aprili 2015 Flint ilikuwa chini ya msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na jimbo, na madiwani walipopiga kura Machi 2015 kutaka maji ya mto yaachwe, msimamizi huyo aliikataa kura yao. Mlango wa kulalamika ulikuwa wazi, ila mlango wa kubadili uamuzi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Anayesema kwamba Flint ilikosa wataalamu amekosea, kwa sababu wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuwalazimisha wajibu walichoonyeshwa.

Historia ya afya ya umma yenyewe inakanusha mgawanyo mkali kati ya mjuzi na mkazi. Kipindupindu kilipoua zaidi ya watu 600 katika eneo la Soho mjini London mwaka 1854, daktari John Snow alikishuku kisima cha pampu cha Broad Street. Kasisi msaidizi wa eneo hilo, Henry Whitehead, hakumwamini, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba ili amkosoe. Kwa kuwa alizijua familia na familia zilimjua, alipata majibu ambayo mgeni asingeyapata, na mwisho wake ndiye aliyegundua habari za mtoto mchanga ambaye nguo zake zilifuliwa na maji yake kumwagwa karibu na kisima. Mpinzani akawa shahidi mkuu.

Dhana: “Mkutano ukiitishwa na watu wakatia sahihi, ushirikishwaji umekamilika.”

Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba watu walifika, basi. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliuchora ushirikishwaji kama ngazi yenye vidato 8, kuanzia chini kabisa ambako wananchi huchezewa tu, hadi juu ambako wananchi wenyewe ndio wanaoamua. Kupewa taarifa na kuombwa maoni, yaani yale ambayo mamlaka nyingi huyaita ushirikishwaji kamili, aliviweka kwenye kidato cha tatu na cha nne, akaeleza kwamba maoni yasiyo na uhakika wa kuzingatiwa ni mapambo.

Mtu anayetaka kujua mkutano ulikuwa wa aina gani aulize mambo mawili: ni kipi ndani ya mpango kilichobadilika kwa sababu ya yaliyosemwa, na yaliyokataliwa yalikataliwa kwa sababu gani iliyoandikwa? Kama mkandarasi alikwisha kupatikana na eneo likawekewa mipaka kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kusomwa hadharani, basi wananchi wanaitwa kushuhudia, si kushauri. Hali ni hiyohiyo pale ripoti ya mamia ya kurasa inapotolewa siku chache kabla ya kikao, kwa lugha isiyozungumzwa na watu wa mtaa husika, na kikao chenyewe kikapangwa saa za kazi. Hakuna sheria iliyovunjwa waziwazi, na pengine ndiyo maana mtindo huo unaendelea.

Dhana: “Wakati wa dharura hakuna muda wa kusikiliza watu.”

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu huonekana kuwa ni busara. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 hadi 2016 huko Afrika Magharibi, ulioambukiza watu zaidi ya 28,000 na kuua zaidi ya 11,000, ulikuwa wa kwanza kuenea kwa kiasi kikubwa katika miji mikuu. Tarehe 20 Agosti 2014 serikali ya Liberia iliuzingira kwa askari mtaa wa West Point mjini Monrovia, mtaa wa makumi ya maelfu ya watu waliobanana kando ya bahari, bila kuafikiana na wakazi. Vurugu zilizuka siku hiyohiyo, askari wakafyatua risasi, na kijana mmoja akafa. Chakula kilipungua na bei zikapanda, huku waliokuwa na uwezo wa kulipa wakipenya kwenye kizuizi. Siku kumi baadaye zuio liliondolewa.

Mwezi huohuo iliamriwa kwamba maiti mjini Monrovia zichomwe. Kwa afya ya umma amri hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana. Kwa familia ilikuwa ni kumkosesha marehemu kaburi, hivyo baadhi ya watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku, jambo ambalo ndilo hasa lililoeneza ugonjwa. Mwezi Novemba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu, ukiruhusu sala, familia kushuhudia mazishi, na kaburi lenye jina. Mjini Monrovia vijana na wazee wa mitaa waliingizwa katika kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa, kazi ambayo askari hawakuiweza. Muda uliodaiwa kuokolewa mwezi Agosti ulilipwa baadaye kwa maambukizi.

Ni kweli kwamba katikati ya mafuriko hakuna anayeitisha kikao, na ndiyo maana mazungumzo kuhusu nani ana simu, nani atambeba mgonjwa na watu wakimbilie wapi huwa yanatakiwa kufanyika wakati wa kiangazi.

Dhana: “Watu wakielimishwa vya kutosha watakubali.”

Wakati mwingine wanaopinga wana taarifa zote, ila hawamwamini anayezitoa. Mwaka 2003 jimbo la Kano na majimbo mengine ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio kwa hofu kwamba inaharibu uzazi. Vipimo na matamko havikutosha kuituliza hofu hiyo, na ilikuwa na historia yake: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto mjini Kano walifanyiwa majaribio ya dawa yaliyozua kesi za miaka mingi mahakamani. Chanjo ilirejea mwaka 2004 baada ya mazungumzo na viongozi wa dini na wa jadi, na baada ya kukubaliwa kwamba itatoka Indonesia, nchi ambayo watu wa Kano waliona haina sababu ya kuwadhuru. Kisayansi chanjo ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa. Wakati huo virusi vya polio vilikuwa vimekwisha kusambaa tena hadi nchi ambazo zilikuwa zimevitokomeza.

Dhana: “Jamii ina sauti moja.”

Anayesimama kuzungumza mkutanoni kwa kawaida ni mwenye nyumba, si mpangaji. Ni mwenye nafasi, si mlinzi wa zamu ya usiku. Na mara nyingi ni mwanamume. Wimbi la joto lililoipiga Chicago mwezi Julai 1995 lilisababisha vifo 739 zaidi ya kawaida, na waliokufa walikuwa kwa wingi wazee waliokuwa wakiishi peke yao, wengine wakiwa wamefunga madirisha kwa kuogopa wezi. Watu wa namna hiyo hawahudhurii mikutano, na hakuna ramani ya halijoto inayowaonyesha. Majirani, wauza maduka na wahudumu wa afya wa mtaani ndio wanaojua mlango upi haujafunguliwa tangu jana.

Upande wa pili wa jambo hili haufurahishi kuusema: mtaa wenye nguvu unaweza kuutumia ushirikishwaji kusukuma jalala au karakana yenye moshi kwenda kwa wasio na wakili. Kusikiliza wenye sauti pekee hakupunguzi hatari bali huihamisha.

Dhana: “Kushirikisha wananchi ni hisani ya serikali.”

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio la 1992 ilifanya hivyo kwa mazingira, na ikapewa nguvu ya kisheria Ulaya kupitia Mkataba wa Aarhus wa 1998, na Amerika ya Kilatini na Karibi kupitia Mkataba wa Escazú wa 2018. Mikataba yote miwili inashika mambo matatu kwa pamoja: kupata taarifa, kushiriki katika maamuzi, na kwenda mahakamani pale hayo mawili yanaponyimwa. La tatu ndilo linaloyapa meno yaliyotangulia.

Dhana: “Mambo ya tabianchi ni magumu na ya mbali mno kwa mtu wa kawaida.”

Kati ya Oktoba 2019 na Juni 2020 Wafaransa 150 waliochaguliwa kwa kura ya bahati, wenye umri, elimu na kazi tofauti, walikaa na wanasayansi, wanasheria na wachumi, kisha wakatoa mapendekezo 149 ya kupunguza gesi joto. Walielewa. Tatizo lilikuja baadaye, kwa kuwa mapendekezo kadhaa yalilegezwa au kuachwa, na mwaka 2021 wajumbe hao walipoipa serikali alama kwa namna ilivyoyashughulikia, wastani ulikuwa 3.3 kati ya 10. Kilichowashinda baadhi yao kukielewa, kwa maoni yangu, ni kwa nini waliitwa.

Mambo huenda vizuri zaidi pale ushirikishwaji unapofungamanishwa na fedha. Porto Alegre nchini Brazili ilianza bajeti shirikishi mwaka 1989, ambapo wakazi walipanga vipaumbele vya uwekezaji wa mji na maeneo yenye upungufu mkubwa yakapewa uzito zaidi. Walichokitanguliza hakikuwa cha kujionyesha: maji, majitaka na barabara za mitaani. Tafiti zilizofuata katika miji ya Brazili ziliona kwamba yenye utaratibu huo ilielekeza sehemu kubwa zaidi ya bajeti kwenye afya na usafi wa mazingira, na vifo vya watoto wachanga vilipungua. Haukuwa utaratibu wa kudumu bila ulinzi. Serikali ya mji ilipobadilika, ulidhoofika.

Dhana: “Wananchi wakishiriki, serikali inapunguziwa mzigo.”

Kinyume cha dhana ya kwanza ni hii, na huwavutia sana wanaotafuta kubana matumizi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni mtaa wa Orangi mjini Karachi, Pakistan, ambako kuanzia mwaka 1980, chini ya uongozi wa Akhtar Hameed Khan, wakazi wa uchochoro mmoja baada ya mwingine walichanga fedha, wakachimba na kulaza mabomba ya majitaka kwa gharama ndogo kuliko ya wakandarasi. Wanaousifu mradi huo huacha nusu yake. Waanzilishi wake walipambanua wazi kazi ya ndani, yaani choo na bomba la uchochoroni, ambayo wakazi wanaiweza, na kazi ya nje, yaani bomba kuu na mtambo wa kusafisha, ambayo ni ya serikali. Bomba la uchochoroni lisipopokelewa na bomba kuu, uchafu ulioondoka mlangoni pa aliyechanga hutokea mlangoni pa mwingine aliye bondeni zaidi.