VPN haikufichi kwa kila mtu

Wengi Uganda waliijua VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali, Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya kijamii. Watu walipakua yoyote waliyoiona, wakaikwepa kodi. Sifa zake zimezidi kukua tangu wakati ule, nyingine za uongo mtupu.

“Nikiwasha VPN hakuna anayeniona.”
Asiyeona ni kampuni yako ya simu. Data inasimbwa (inageuzwa mafumbo) kwenye simu na kwenda kwenye seva ya VPN, yaani hiyo kompyuta ya mbali, tuseme iko Uholanzi. Kampuni ya simu inajua tu kwamba umeunganishwa na seva hiyo, saa ngapi, na MB ngapi zimepita. Seva ile ndiyo inayoondoa usimbaji huo na kukufikisha kwenye tovuti, kwa hiyo mwenye seva sasa anaona yale yaliyokuwa yakionwa na kampuni ya simu. Umebadilisha tu mtu wa kumwamini. Na ukiingia Facebook kwa namba yako, Facebook inakujua hata upitie nchi gani.

“Ya bure na ya kulipia ni mamoja.”
Hapa ndipo watu wanapoumia. Seva hukodiwa kwa fedha, na kama hulipi wewe, yupo anayelipa kwa sababu zake. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. VPN yake ya bure, iliyonadiwa kuwa ni ya ulinzi, ilikusanya habari za programu ambazo watu walizitumia, na Facebook ikazitumia kuwapima washindani wake. Mwaka 2018 iliondolewa kwenye duka la Apple, na 2019 ikafungwa kabisa. Hola, VPN nyingine ya bure, nayo mwaka 2015 ilibainika kuwa inauza intaneti ya watumiaji wake wa bure: wateja wa Luminati, huduma ya wamiliki walewale, walipita mtandaoni kwa anwani za IP (namba zinazotambulisha muunganisho wa intaneti) za watu hao. Mteja akifanya uhuni, anwani inayoonekana ni yako.

Si zote, hata hivyo. Proton VPN ina huduma ya bure inayogharimiwa na wanaolipia.

“Bila VPN, wifi ya hoteli itaniibia nywila.”
Zamani ilikuwa hatari kweli. Leo tovuti nyingi hutumia HTTPS, usimbaji kati ya simu yako na tovuti yenyewe: mwenye wifi anaweza kujua umefungua tovuti gani, lakini si ulichoandika humo. Ujumbe wa WhatsApp umesimbwa mwanzo hadi mwisho tangu 2016, VPN iwepo isiwepo.

“Inaokoa bando.”
Inalila. Usimbaji huongeza uzito kidogo, na ukiwa na bando la WhatsApp pekee, mtandao wa simu hauwezi tena kutambua kuwa hiyo ni WhatsApp, kwa hiyo bando hilo halikusaidii.

“Hata wakizima mtandao, VPN inapita.”
Inategemea wamezima nini. Uganda ilipokata intaneti nzima kwa ajili ya uchaguzi wa Januari 14, 2021, VPN hazikufua dafu, maana hapakuwa na njia ya kuifikia seva. Intaneti iliporudi, Facebook ikabaki imefungwa. Hapo ndipo VPN ziliposaidia.

“VPN ni ya wahalifu.”
Benki na mashirika huitumia kila siku ili wafanyakazi walio mbali wafikie mifumo ya ofisi. Sheria ni jambo jingine, na kila nchi ina yake: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaoihitaji VPN kwa shughuli zao wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo, wakitaja na anwani za IP.